Mafuta Yakikatika: Mwongozo wa Kumtegemea Farasi na Punda

Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ulivunjika, na Cuba, iliyokuwa ikitegemea mafuta kutoka huko, ikabaki na malori yasiyo na dizeli. Serikali iliagiza baiskeli zaidi ya milioni moja kutoka China. Mashambani matrekta yaliegeshwa, wakarudishwa maksai. Katika miji ya mikoani kama Bayamo na Santa Clara, magari ya farasi yakaanza kubeba abiria kwa nauli, na mengine yako barabarani hadi leo.

Kisome kisa hicho vizuri kabla hujakimbilia kununua farasi. Cuba iliweza kwa sababu vijijini bado walikuwapo farasi, mafundi wa matandiko, wahunzi wa kufua viatu vya chuma, na wazee waliojua kumfunga mnyama garini akatembea bila kuumia. Hakuna kati ya hao aliyezaliwa siku mafuta yalipokwisha.

Mwongozo huu ni wako wewe unayejiuliza utasafirije na utabebaje maji, nafaka na mgonjwa iwapo vita, mgogoro au anguko la uchumi litafunga vituo vya mafuta kwa miaka. Nitaanza na uamuzi ambao huenda usiupende: kwa wengi wetu Afrika Mashariki, mnyama wa kutegemewa ni punda. Farasi ni wa mwenye nyanda za juu, majani ya kutosha na mtu wa kumfundisha. Kanuni za kuwatunza zinakaribiana, na pale zinapoachana nitasema.

1. Anza na ramani

Kabla ya kuuliza bei, uliza mnyama ataishi wapi. Maadui wawili ndio waliopanga historia ya farasi katika bara hili.

Wa kwanza ni mbung'o, anayeeneza nagana. Farasi hustahimili vibaya sana ugonjwa huu: hupata homa, hukonda, huvimba miguu na tumbo, hatimaye huanguka. Punda hustahimili zaidi, ingawa naye huugua. Ukiishi karibu na pori la mbung'o, usilete farasi.

Wa pili ni usubi, wadudu wadogo kuliko mbu, wanaobeba virusi vya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Katika milipuko mikali ugonjwa huo huua zaidi ya farasi 7 kati ya 10, tena kwa siku chache, povu likimtoka mnyama puani. Kwa baghala, chotara wa punda na farasi, hufa karibu nusu. Kwa punda ni takriban 1 kati ya 10. Ugonjwa huo hauna tiba. Una chanjo, lakini chanjo hutaka kiwanda, jokofu na barabara, yaani vilevile vitakavyokosekana.

Waliopuuza ramani hii walilipa. Aprili 1916, katika vita vya Waingereza na Wajerumani hapa kwetu, kikosi cha wapandafarasi cha Jenerali van Deventer, wa upande wa Waingereza, kilitoka upande wa Arusha kwenda kuiteka Kondoa Irangi. Kiliiteka, lakini mamia ya farasi walikufa njiani kwa mvua, njaa na maradhi. Kampeni ilipoendelea kusini, wanyama walikufa kwa maelfu na mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Upande wa Waingereza peke yao uliandikisha wapagazi wanaokaribia milioni moja, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kumbukumbu zao. Mnyama akifa, mzigo haufi, humrudia binadamu.

Basi farasi atafutiwe mahali pa juu, penye baridi na upepo: nyanda za Laikipia, Naivasha na Limuru, miinuko ya Arusha na Kilimanjaro, au milima ya Ethiopia, ambako farasi wa kazi hawajawahi kutoweka. Lesotho nayo imejenga maisha ya wapandafarasi juu ya milima yake. Pwani na nyanda za chini zenye joto, weka punda. Mji wa Lamu umeishi kwa migongo ya punda kwa karne nyingi, na vichochoro vyake havikuhitaji zaidi.

2. Chagua mnyama kwa kazi

Farasi wa kilo 400 hadi 450 hubeba mgongoni takriban sehemu 1 kwa 5 ya uzito wake, tandiko likiwamo. Maana yake ni kilo 80 hadi 90. Mtu wa kilo 75 mwenye tandiko la kilo 12 amekwisha kuujaza mgongo huo, na gunia la unga halina nafasi. Punda wetu wa kawaida ana kilo 120 hadi 180. Mzigo wa mgongoni usizidi kilo 50. Kwenye mkokoteni, njia ikiwa tambarare na magurudumu yakizunguka vizuri, anaweza kuvuta hadi mara mbili ya uzito wake. Kwa hiyo ukiwa na kitu cha kusafirisha, magurudumu ni bora kuliko mgongo.

Faida ya farasi ni mwendo: kumwahisha mkunga, kupeleka habari, kuchunga mifugo mbali. Kama kazi yako ni maji, kuni na mazao, faida hiyo huihitaji.

Unaponunua, fanya haya:

- Tazama meno. Farasi humaliza kuota meno ya mbele ya utu uzima akiwa na miaka 5. Mtafute wa miaka 6 hadi 12. Wa kazi mwenye akili iliyotulia ni bora kuliko kijana mwenye misuli.
- Mtembeze kwenye ardhi ngumu. Kichwa kikipanda na kushuka kila hatua, ana mguu mbovu.
- Nyanyua kwato zote nne. Asiyekubali kuguswa miguu atakutesa maisha yake yote.
- Tafuta mabaka ya manyoya meupe mgongoni na mabegani. Hizo ni alama za vidonda vya zamani vya matandiko, na zinakwambia alivyotunzwa.
- Nunua jike au dume aliyehasiwa. Dume kamili si mnyama wa mwanafunzi.
- Nunua wawili. Farasi na punda ni wanyama wa kundi. Aliye peke yake hukonda, hupiga kelele na huvunja zizi.

3. Hesabu ya majani na maji

Gari lililoegeshwa halinywi mafuta. Farasi hula akifanya kazi na asipofanya, na hapo ndipo mipango mingi huharibika.

Farasi wa kilo 450 huhitaji kila siku takriban kilo 9 za majani makavu au malisho yanayolingana nayo. Kiangazi cha miezi 4 hutaka zaidi ya tani moja. Ukiweka akiba ya kupotea na kuoza, hiyo ni marobota 80 hadi 90 ya kilo 15, kwa farasi mmoja tu. Punda wa kilo 150 hula kilo 2 na nusu hivi, na kiangazi hicho hicho atakimaliza kwa marobota 20 na kidogo. Tena punda huridhika na mabua na majani makavu ambayo farasi angedhoofika nayo.

Maji ni lita 25 hadi 45 kwa farasi kwa siku, na zaidi ya hapo kwenye joto na kazi. Punda hunywa lita 10 hadi 20. Kama kila ndoo unaiteka kwa kamba, hesabu mikono yako kabla ya kuhesabu farasi.

Tumbo la farasi ni dogo na limeumbwa kula kidogo kidogo mchana na usiku. Hawezi kutapika. Mlo mkubwa wa nafaka kwa mara moja unaweza kumuua. Majani yatangulie, nafaka ifuate, na kila badiliko la chakula lichukue wiki nzima au zaidi. Chumvi isikosekane zizini.

Kuna sumu tatu zilizo nyumbani mwetu ambazo mfugaji wa ng'ombe hazijui kuwa sumu:

- Mahindi yenye kuvu. Farasi hupofuka, huyumba na kufa kwa kuharibika ubongo. Usimpe mahindi ambayo wewe umeyakataa.
- Chakula cha kuku au ng'ombe kilichotiwa dawa iitwayo monensini. Kiasi kisichomdhuru ng'ombe husimamisha moyo wa farasi.
- Dawa ya kuogesha yenye amitrazi. Wengi huinyunyizia ng'ombe kuua kupe. Kwa farasi na punda husimamisha utumbo. Soma kibandiko cha chupa kila mara.

4. Kwato

Ukwato hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Porini mnyama huusaga kwa kutembea. Zizini hurefuka, hupasuka na kuupinda mguu mzima. Safisha kwato kila siku kwa chuma butu, ukitoa mawe na mavi kuanzia kisigino kwenda kidoleni. Kila wiki 6 hadi 8 zipunguzwe kwa kisu na tupa. Harufu ya kuoza na maji meusi katikati ya ukwato ni dalili ya zizi lenye unyevu: kausha sakafu kwanza, dawa baadaye.

Viatu vya chuma hulinda ukwato kwenye lami na mawe, lakini msumari mmoja uliopigwa vibaya humlemaza mnyama. Kama huna mhunzi aliyefundishwa, mwache farasi atembee bila viatu, umzoeshe ardhi ngumu polepole, na umwepushe na lami. Punda wengi hawahitaji viatu. Kisu cha kwato, tupa mbili kubwa na koleo ni vitu vya kununua leo, kwa sababu tupa huisha makali.

5. Matandiko na mkokoteni

Tunasema asante ya punda ni mateke. Mara nyingi teke hilo ni la kidonda ambacho mwenye punda hakukitazama.

Kosa linaloonekana sana vijijini ni kumfunga punda kwa nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu na shingo. Farasi na punda husukuma kwa kifua na mabega. Mshonee mkanda mpana wa kifuani, usiopungua upana wa kiganja, ukae juu ya maungio ya mabega na chini ya koo. Ukipanda juu humkaba, ukishuka humzuia kutembea. Mpira wa matairi hukata ngozi. Ukiutumia, uvike gunia au blanketi kuukuu. Mgongoni kwa punda tumia shogi lenye pande mbili zilizo sawa kwa uzito, juu ya mto mnene ulioacha njia wazi kwenye uti wa mgongo.

Kabla ya kila safari pitisha kiganja chini ya matandiko yote. Baada ya safari angalia alama za jasho. Sehemu kavu iliyozungukwa na jasho ni pale panapobanwa kupita kiasi. Kesho patakuwa kidonda. Mnyama mwenye kidonda habebi, hata kama soko ni kesho.

Mkokoteni wa magurudumu mawili uwe na mizani: ukiupakia, ncha za miti zikae nyepesi mkononi. Mzigo ukielemea mbele huvunja mgongo wa mnyama, ukielemea nyuma humnyanyua tumboni. Ekseli ya gari kuukuu hufaa, nawe uweke akiba ya grisi, mipira ya ndani na pampu. Weka breki. Mteremko umeua wanyama wengi kuliko mlima.

6. Safarini

Watu hujifunza farasi kwenye sinema, ambako hukimbia shoti kuanzia mwanzo hadi mwisho. Farasi wa kazi hutembea. Kwa hatua ya kawaida huenda kilomita 6 kwa saa. Telki, ule mwendo wa haraka usio wa kukimbia, itumie kwa vipande vifupi vya njia nzuri. Shoti iache kwa hatari. Ukienda hivyo, mnyama mwenye afya atakupa kilomita 30 kwa siku, akipumzika siku moja kila wiki.

Ondoka alfajiri. Kila saa simama dakika 10, legeza mkanda wa tumboni, mwache avute majani. Milimani shuka utembee naye. Mnyama aliyetoka jasho usimnyime maji. Mpe, na mwendelee kutembea. Bana ngozi ya shingo kwa vidole viwili kisha achia: isiporudi mara moja, ameishiwa maji na safari ya leo imekwisha.

Wahenga walisema punda afe mzigo ufike. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye punda wengine, au mwenye duka la kununua mwingine. Katika nyakati tunazozungumzia, punda akifa mzigo wa kwanza utafika na wa pili hautafika kamwe.

7. Afya bila daktari

Chukua vipimo vya mnyama wako akiwa mzima, uviandike. Farasi aliyepumzika ana mapigo ya moyo 28 hadi 44 kwa dakika, pumzi 8 hadi 16, na joto la mwili kati ya nyuzi 37 na 38.5. Mapigo ya punda huwa juu kidogo. Bila kujua hali yake ya kawaida hutatambua ugonjwa, hasa kwa punda, anayesimama kimya na maumivu mpaka amechelewa. Punda aliyekataa chakula kwa siku moja ni mgonjwa wa dharura, na aliyenenepa yuko hatarini zaidi, kwa sababu mafuta ya mwili humwagika katika damu na kuharibu ini.

Msokoto wa tumbo ndio muuaji mkuu wa farasi. Huparua ardhi, huangalia ubavu wake, hujigaragaza, na mavi hukoma. Ondoa chakula chote, mwachie maji, mtembeze taratibu. Usimmiminie mafuta kwa chupa mdomoni. Yakiingia mapafuni utamuua kwa jambo ambalo pengine lingepona.

Vidonda vioshwe kwa maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, kisha asali safi. Farasi hushikwa na pepopunda kirahisi kuliko mifugo mingine, na msumari mdogo ukwatoni unatosha. Chanjo yake na ya kichaa cha mbwa zitolewe sasa, wakati daktari wa mifugo bado anapokea simu. Kwa usubi, mwingize bandani saa moja kabla ya jua kuzama, umtoe jua likishapanda, na uweke moshi na vyandarua. Banda la punda liwe na paa. Manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi.

Amua mapema pia nani atamaliza maisha ya mnyama aliyevunjika mguu, na kwa njia gani. Kulikwepa swali hilo humpa mnyama siku tatu za mateso.

8. Mlinde na njaa ya watu

Kuanzia 2016 Kenya ilifungua machinjio ya punda, ngozi zikienda China kutengenezea dawa ya asili iitwayo ejiao. Wizi wa punda ukaenea. Watu waliamka asubuhi na kukuta mizoga iliyochunwa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 nchini humo, ya 2019 ikakuta karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo 2020, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Hayo yalitokea wakati wa amani, polisi wakiwapo. Njaa itakuwa na kisu kikali zaidi.

Ukuta pekee hautoshi. Laza wanyama karibu na nyumba, weka mbwa, tia alama ya chuma cha moto inayojulikana. Lakini ulinzi wa kweli ni jirani. Punda wako akimpeleka mjamzito wa jirani zahanati na kuleta maji ya msikiti au kanisa, kijiji kizima kitakuwa mlinzi wake. Wekeni utaratibu wa zamu na malipo ya majani, na andikeni nani hulipa mnyama akiumia akiwa kazini kwa mwingine.

9. Hesabu ya miaka

Farasi hubeba mimba miezi 11, punda takriban 12. Mtoto haanzi kazi nyepesi kabla ya miaka 3, na nzito kabla ya 4. Kutoka kupandishwa hadi kuvuta mkokoteni ni miaka mitano, na katika muda huo mama naye hupunguziwa kazi. Kwa hiyo familia moja haiwezi kujitosheleza. Mnahitaji majike kadhaa katika kata, dume mmoja mzuri asiye ndugu yao, na makubaliano ya kutowauza wote msimu wa ukame.

10. Anza mwezi huu

Usinunue mnyama kwanza. Nenda kwa mwenye mkokoteni wa punda sokoni, au kwa kina mama wa Kimaasai wanaoteka maji kwa punda, uombe kufanya nao kazi bila malipo kwa wiki chache. Jifunze kufunga, kufungua, kusafisha ukwato na kutambua kidonda kinachoanza. Kisha panda majani na ujenge banda. Kisha nunua visu, tupa na vitabu vya karatasi. Mnyama awe wa mwisho.

Na kama huna ardhi, huna maji ya karibu na huna muda wa kila siku, usijidanganye: nunua baiskeli imara na vipuri vyake, au jifunze kuunda chukudu, ile skuta ya mbao inayobeba magunia mjini Goma bila tone la mafuta. Farasi au punda katika mikono isiyojua ni nyama iliyocheleweshwa tu. Katika mikono inayojua, ni miaka ishirini ya maji, mazao na wagonjwa waliofika. Tofauti ya hayo mawili ni ufundi, na ufundi huo hujifunzwa wakati mafuta bado yapo.